Habari za Mikoani Zisiachiwe Walanguzi

Mkulima wa alizeti wa Ikungi au Iramba ana mambo machache ambayo hana budi kuyajua. Gunia linauzwa kwa bei gani Singida mjini? Mafuta ya kula yatokayo nje yanatozwa ushuru kiasi gani? Halmashauri yake imezitumiaje fedha za zahanati na madarasa? Akifungua simu yake leo atakuta ugomvi wa wasanii wa Dar es Salaam, talaka za watu mashuhuri, picha za ajali za nchi asizozijua, na matangazo ya dawa zinazodaiwa kutibu kila ugonjwa. Yale matatu aliyoyahitaji hayamo. Bando limekwisha, naye habari hajapata.

Hali hii haikuja kwa bahati mbaya. Ina sababu, na sababu hiyo ni ya kiuchumi.

Kukusanya habari ni kazi yenye gharama. Mwandishi anayetoka Singida mjini kwenda Mkalama au Itigi anahitaji nauli, anahitaji muda wa kuwasikiliza wakulima na maofisa wa ushirika, na anahitaji mhariri wa kumwuliza ana uhakika gani na hayo aliyoyaandika. Kwa miaka mingi gharama hiyo ililipwa kwa mauzo ya magazeti na kwa matangazo ya biashara. Leo sehemu kubwa ya matangazo hayo duniani imehamia kwenye makampuni machache makubwa ya mtandao, hasa Google na Meta, yenye kumiliki Facebook, Instagram na WhatsApp. Makampuni haya hayampeleki mwandishi Manyoni. Kazi yao ni kuyatandaza yaliyoandikwa na wengine, kupima ni lipi linalomfanya mtu asiiweke simu chini, kisha kuyauza macho yake kwa watangazaji.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Zamani kibaya kilijitembeza kwa miguu yake. Leo kimepewa gari. Uvumi unaotia hasira au hofu hutangulia, na taarifa ya bei ya mazao hubaki nyuma, kwa kuwa hesabu ya faida ndiyo inayopanga foleni.

Wasomaji wetu wa makamo wanaikumbuka vita ya mwaka 1983 dhidi ya walanguzi. Mlanguzi hakulima wala hakusaga; aliketi kati ya mkulima na mlaji akajipangia bei. Mlanguzi wa habari naye huketi kati ya mwandishi na msomaji. Hayo si maneno yetu peke yetu. Mwezi Aprili 2025 mahakama ya shirikisho nchini Marekani iliamua kwamba Google ilivunja sheria kwa kuhodhi masoko ya mitambo inayouza matangazo kwenye tovuti za wachapishaji. Na tangu mwaka 2024 kampuni hiyo imekuwa ikitoa majibu yaliyotungwa na akili mnemba juu ya orodha ya tovuti, hata msomaji akakinai kabla ya kumfikia aliyeifanya kazi.

Taifa letu lilikwisha kupambana na jambo la namna hii. Katika miaka ya 1970 mashirika manne ya London, Paris na New York ndiyo yaliyoamua dunia isikie nini juu ya Afrika. Tanzania ilianzisha SHIHATA mwaka 1976, na mwaka 1980 tume ya UNESCO chini ya Sean MacBride ikatoa ripoti yake kuhusu mizani hiyo iliyopinda. SHIHATA ilivunjwa mwaka 2000. Ilikuwa na kasoro zake. Lakini kuvunjwa kwa shirika hakukuiondoa haja ya kuwa na mtu wa kwenda Itigi na kuuliza.

Madhara yake tunayaona. Mwaka 2023 bei ya alizeti iliporomoka, na wakulima wa Singida wakalia. Mafuta ya nje na ushuru wake vilitajwa miongoni mwa sababu, na suala hilo likafika Bungeni. Hilo lilikuwa jambo la kuelezwa kwa tarakimu, wiki kwa wiki, tangu kabla ya kupanda hadi baada ya kuvuna. Mkulima asiyepata maelezo hayo hana la kumjibu mnunuzi anayemfuata shambani. Walimu nao ni mashahidi wa upande wa pili: matangazo bandia ya ajira, yenye nembo za Serikali, husambaa upesi kuliko kanusho lake, na vijana wetu hutapeliwa akiba zao.

Tufanye nini basi? Nchi nyingine zimeanza. Australia ilitunga sheria mwaka 2021 ya kuyalazimisha makampuni hayo yapatane na vyombo vya habari. Kanada ilifuata mwaka 2023. Google ikakubali kutoa dola za Kanada milioni 100 kwa mwaka, lakini Meta ikazifunga habari zote katika kurasa zake nchini humo. Mwezi Novemba 2025, baada ya uchunguzi wa Tume ya Ushindani ya Afrika Kusini, Google ilikubali kutoa randi milioni 688 kwa miaka mitano. Fundisho ni kwamba anayedai hupata, lakini anayedai peke yake anaweza kufungiwa mlango. Kwa hiyo madai haya yapelekwe na Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa pamoja, kwa sauti moja ya wasemaji wa Kiswahili.

Sisi wenyewe tunayo pa kuanzia. Tangu mwaka 2022 sheria yetu ya kodi inawatoza asilimia 2 watoa huduma za mtandao walio nje ya nchi. Tunashauri sehemu ya kodi hiyo itengwe kwa ajili ya waandishi na redio za mikoani, na isimamiwe na chombo ambacho hakitawaamulia la kuandika. Habari iliyonunuliwa na mkubwa yeyote, wa ndani au wa nje, haimsaidii mkulima.

Lakini tusiyalaumu makampuni ya ng'ambo huku tukijisahau. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamtaka ofisa ajibu ombi la mwananchi ndani ya siku 30. Mtumishi anayeifungia taarifa kabatini anamfungulia mzushi mlango. Bei za minadani, mapato na matumizi ya halmashauri, na hoja za wakaguzi zibandikwe pale watu wanapopita, na mwandishi anayeuliza asitazamwe kama adui. Walimu nao wamfundishe kila mwanafunzi kuuliza: nani kaandika, kajuaje, na nani anafaidika nikiamini?

Mkoa ulioweza kukamua mafuta ya alizeti yake wenyewe hauwezi kushindwa kupata habari zake wenyewe. Kinachotakiwa ni kuikata mirija inayonyonya jasho la waandishi, na kuyafungua makabati yetu.