Hesabu za Chama cha Wafanyakazi Zisomwe Tawini

Kila mwisho wa mwezi, kabla mfanyakazi hajaushika mshahara wake, chama chake cha wafanyakazi huwa kimekwisha kupata fungu lake. Fedha hiyo haidaiwi mlangoni wala haifuatwi kwa barua. Hukatwa na mwajiri na kupelekwa chamani moja kwa moja. Utaratibu huo ni mzuri, kwani chama kisicho na fedha hakiwezi kumtetea mtu. Lakini una hatari yake: fedha inayoingia bila kuombwa ni rahisi kutumiwa bila kuelezwa.

Tuchukue mfano wa tawi lenye wanachama 300, kila mmoja akipata mshahara wa shilingi 700,000 na kukatwa asilimia 2. Kila mwanachama anatoa shilingi 14,000 kwa mwezi. Tawi zima linatoa shilingi 4,200,000 kwa mwezi, yaani shilingi 50,400,000 kwa mwaka. Hilo ni tawi moja tu. Ni wanachama wangapi wa tawi kama hilo wanaoweza kusimama na kueleza jasho lao limefanya kazi gani? Wako wanaokiona chama chao mara moja kwa mwaka, siku ya Mei Mosi, kwa sura ya fulana na kofia.

Sheria haikulinyamazia jambo hili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inakitaka kila chama kiweke vitabu vya mapato, matumizi, mali na madeni, na kifunge hesabu zake tarehe 31 Desemba. Hesabu hizo zikaguliwe na mkaguzi aliyesajiliwa, na ifikapo tarehe 31 Machi zipelekwe kwa Msajili na mbele ya mkutano wa wanachama au wawakilishi wao. Tena, ziwekwe katika ofisi za chama ili mwanachama anayetaka kuzikagua aweze kuzikagua.

Tatizo liko katika maneno hayo "au wawakilishi wao". Hesabu husomwa katika ukumbi wa mbali, mbele ya wajumbe wachache, na wajumbe wakirudi makwao husema tu kwamba taarifa ilipokelewa na kupitishwa. Sheria imetimizwa, lakini mpakia mizigo, muuguzi na mwalimu hawajajua lolote. Tunasema wazi kwamba hilo halitoshi. Fedha inakatwa tawini, kwa hiyo hesabu yake hapana budi isomwe tawini.

Wapo viongozi wanaojitetea kwamba kutangaza hesabu ni kumwonyesha mwajiri udhaifu wa chama. Hoja hiyo haina miguu. Ni mwajiri huyo huyo anayekata fedha hizo na kuzipeleka. Kiasi kinachotoka mahali pake pa kazi anakijua hadi senti ya mwisho. Asiyejua ni mfanyakazi. Siri inayojulikana na mwajiri na kufichwa kwa mwenye mali si siri ya mapambano, bali ni kinga ya ubadhirifu.

Wajibu huo unazidi kuwa mzito kwa fedha ya asiyekuwa mwanachama. Chama chenye wanachama walio wengi mahali pa kazi kinaweza kukubaliana na mwajiri ili hata wasiojiunga wakatwe ada ya uwakala, kwa kuwa nao hunufaika na majadiliano. Sheria inaagiza ada hiyo iwekwe katika akaunti ya peke yake, na inakataza isichangiwe chama cha siasa wala mgombea. Katazo hilo halina wa kusamehewa: linakihusu Chama Cha Mapinduzi kama linavyovihusu vyama vingine vyote.

Mazoea ya kutowaeleza wanachama yana historia. Mwaka 1964 TFL ilipovunjwa na NUTA kuundwa kwa sheria, Katibu Mkuu wake alikuwa mteule wa Rais. JUWATA iliyochukua nafasi yake mwaka 1978 ilikuwa jumuiya ya Chama. Kwa miaka hiyo kiongozi wa wafanyakazi alizoea kutoa taarifa kwa walio juu yake. Leo vyama ni vingi, shirikisho lao ni TUCTA tangu mwaka 2001, na viongozi huchaguliwa na wanachama. Lakini umangimeza haufi kwa kubadilishiwa jina. Aliyechaguliwa na walio chini sharti ajibu kwa walio chini.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mwezi wa Aprili, tawi libandike kwenye ubao wa matangazo karatasi moja inayoonyesha kiasi kilichokatwa tawini, kiasi kilichorudishwa tawini, na kilichotumika kwa posho, safari na mashauri ya wanachama. Pili, wanachama wasio na cheo wachaguliwe kupitia stakabadhi na hati za malipo kabla ya mkutano. Tatu, Msajili asiwe mpokeaji wa makabrasha tu. Chama kinachochelewa kiulizwe, na majibu yake wanachama wayasikie.

Na mfanyakazi naye asikwepe. Mkutano wa tawi unapoitishwa, wengi hutoa udhuru; lawama huanza vijiweni baada ya kazi. Wengine huchukua njia fupi ya kujitoa, kwani sheria inawaruhusu kusimamisha makato kwa taarifa ya mwezi mmoja. Hasira yao tunaielewa, lakini shabaha yao si sahihi. Chama kikibaki tupu, mfanyakazi atakayeachishwa kazi kwa uonevu atakwenda peke yake mbele ya mwajiri mwenye mwanasheria. Hapo atakayefurahi si mfanyakazi.

Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari lipo, na sheria imeagiza liandikwe. Kilichobaki ni kulifungua mbele ya wenye mali, na kiongozi mwaminifu hana sababu ya kulingoja liulizwe.