Sauti Zetu Ziko Kabatini kwa Nani?

Wazee wenzangu wa Pwani wakisikia muziki mpya wa vijana wa Nairobi huziba masikio. "Makelele matupu!" husema. Sikatai kwamba yapo. Gitaa na mayowe ya vijana wawili wa Duma, katika sahani yao ya 2020 iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, yalinishinda hata mimi. Lakini nilikaa kitako nikamsikiliza kijana mwingine, aliyekulia Kariokor katika mitaa ya Eastlands, na tangu hapo nimepunguza kulaumu.

Jina la mtaa huo si geni kwetu. Ni ndugu wa Kariakoo ya Dar es Salaam. Yote mawili yametokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya 1914-1918. Kijana mwenyewe ni Joseph Kamaru, aliyezaliwa 1997, ajulikanaye kwa jina la KMRU. Hushika kinasa sauti akanasa mivumo ya mitaa na ya mazingira, kisha akaifinyanga kwa kompyuta hata ikawa muziki wa taratibu, aghalabu usio na maneno. Mwaka 2020 kampuni ya Editions Mego ya Vienna ilitoa sahani yake iitwayo Peel. Kazi nyingine huzitoa mwenyewe, bila kumngoja tajiri.

Lililonigusa hasa ni jinsi alivyotunza amana. Babu yake, Joseph Kamaru mkubwa, mwimbaji mashuhuri wa Kikuyu, alifariki 2018. Mjukuu akazikusanya nyimbo zake, akazisafisha na kuzitoa upya. Tena mwaka 2022 alitoa Temporary Stored, kazi aliyoitunga kwa sauti za Kiafrika zilizohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Sauti hizo zilichukuliwa na wageni. Yeye amezifuata huko huko.

Na sisi je? Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya HMV, na santuri zake zikapendwa pwani nzima. Leo ni nyumba ngapi zetu zilizo nayo hata moja? Na nyundo za wakalafati wa majahazi, nani amezinasa?

Najua wanazuoni wamehitilafiana juu ya ala za muziki, na mimi si mufti. Najua pia kwamba kinasa sauti hakichagui: ukisimama nacho Pumwani au Eastleigh wakati wa magharibi, adhana itaingia. Hapo adabu haina budi kutangulia ufundi. Adhana na Qur'ani si mapambo ya ngoma. Kijana na aziache nje. Lakini baina ya mpaka huo na kuziba masikio pana uwanja mpana, na sisi tumeuacha mtupu.

Basi, ewe kijana wa Mombasa, Lamu au Malindi, ikiwa nyanya yako azijua kasida za zamani au nyimbo za kubembeleza watoto, mwombe ruhusa leo. Mnase kwa simu yako, uandike jina lake na tarehe, uweke nakala mbili. Halihitaji fedha wala mfadhili jambo hili. Tusije siku moja tukalazimika kukata tikiti ya Ulaya ili tumsikie nyanya yetu.