Umepangwa leni mbaya? Lalamika kabla bastola haijalia

Msimu wa riadha za shule ukifika, viwanja vya nyasi kuanzia Ruiru hadi Thika huchorwa leni za chokaa, na mahali chokaa imeisha watu hutumia majivu. Hapo ndipo ugomvi wa kwanza huanza, kabla hata ya mtu kutoa jasho. Nani aanzie wapi? Mbona huyu amewekwa mbele yangu? Mbona mimi kila saa ni leni ya kwanza? Jibu la kawaida unalijua: "Ni sawa tu, kimbia."

Mambo hayako hivyo. Na kwa kijana wa huku kwetu si suala la kununa tu. Chuo cha kufunza askari wa Magereza kiko papa hapa Ruiru, na idara hiyo, sawa na polisi na jeshi, imeajiri wanariadha wengi kwa sababu ya miguu yao. Catherine Ndereba, aliyeleta fedha ya marathon kutoka Olimpiki ya Athens 2004 na ya Beijing 2008, alikuwa mtu wa Magereza. Lakini anayekuja kusaka vipaji huwa amekaa kwenye mashindano ya kaunti au ya taifa. Ukichujwa katika kaunti ndogo kwa nusu mita, hakuoni.

Nusu mita hiyo yaweza kuwa haikutoka miguuni mwako. Chukua mbio za mita 400. Kwa vile wa leni za nje huzunguka njia ndefu zaidi, husogezwa mbele ili wote wakimbie umbali mmoja. Katika uwanja wa kawaida wenye leni za upana wa mita 1.22, anayeanzia leni ya 2 husogezwa mita 7.04 mbele ya yule wa leni ya 1. Kutoka hapo kila leni huongezwa mita 7.67. Wa leni ya 8 anajikuta mita 53 mbele, na mashabiki wasiojua wanapiga kelele ati amependelewa.

Hesabu hizo ni za uwanja uliopimwa. Je, uwanja wa shule ambao leni zake zimechorwa kwa macho, moja pana na nyingine nyembamba? Aliyechora akitumia hatua za miguu badala ya tepu, kosa la mita moja ni rahisi sana. Kwa mkimbiaji wa 400 wa sekunde 50, mita moja ni kama sehemu ya nane ya sekunde. Kwenye utepe, hiyo ni tofauti ya nafasi ya pili na ya nne. Mbio za mita 1,500 nazo zina ujanja wake: mstari wa kuanzia unafaa kupindwa kama upinde, ili aliye pembeni asizidishiwe njia hadi kwenye kona. Ukiona mstari umenyooshwa kama rula na watoto 20 wamejipanga juu yake, jua kuna aliyeonewa tayari.

Sasa, lalamiko la aina hii linatatuliwaje? Sheria za Shirikisho la Riadha Duniani hazijaficha kitu. Lalamiko kuhusu matokeo au mwenendo wa mbio hupelekwa kwa refa kwa mdomo, na mwanariadha mwenyewe au mtu anayemwakilisha, ndani ya dakika 30 baada ya matokeo kutangazwa rasmi. Usiporidhika na uamuzi wa refa unakata rufaa kwa maandishi, tena ndani ya dakika 30, na katika mashindano makubwa unaweka amana ya dola 100.

Tuliona njia hiyo ikifanya kazi Paris mnamo Agosti 5, 2024. Faith Kipyegon alimaliza wa pili katika mita 5,000 nyuma ya Beatrice Chebet, akapokonywa medali kwa madai ya kumzuia Gudaf Tsegay wa Ethiopia, Kenya ikakata rufaa, na usiku uo huo fedha yake ikarudi. Miaka minane awali, jijini Rio, mambo yalitugeukia. Ufaransa ililalamika kwamba Ezekiel Kemboi alikanyaga nje ya njia katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na shaba yake ikaenda kwa Mahiedine Mekhissi.

Lakini kesi hizo mbili zilihusu yaliyotokea mbioni, na kamera ziliyanasa. Mahali pa kuanzia ni kesi tofauti. Mbio zikiisha, nani atarudi kupima chokaa iliyokanyagwa na viatu mia? Ndiyo maana nasema dakika 30 za baadaye hazikusaidii sana hapa. Lalamiko la leni lina nguvu wakati mmoja tu, nao ni kabla ya mlio. Inua mkono, ita refa, omba tepu.

Hata steji ya matatu ya Thika inalijua hili. Magari hujaza kwa zamu, na dereva akihisi amerukwa hangoji afike tauni ndipo alalamike. Anawasha moto hapo hapo, zamu inaangaliwa, gari halitoki mpaka ieleweke nani yuko mbele. Kelele ni nyingi, sikatai, ila uamuzi hupatikana wakati bado unamfaa mtu.

Huko ng'ambo kuna mbio za farasi wanaokokota vigari vya magurudumu mawili, mchezo wenye wafuasi wengi Ufaransa, Sweden na Marekani. Sisi hatuna, wetu wa Ngong hubeba mpanda farasi mgongoni. Katika mbio hizo za vigari, farasi huweza kuanza wakiwa tayari mwendoni, wakifuata gari lenye mabawa mapana ambalo hufyatuka mbele na kuwaachia njia. Nafasi ya ndani hupiganiwa sana, kwa hivyo nafasi hugawanywa kwa kura na kutangazwa kabla ya mbio. Mwenye farasi aweza kulia na bahati yake, lakini hawezi kusema mjomba wa fulani ndiye aliyepanga.

Riadha pia ina kura. Katika raundi ya kwanza leni hugawanywa kwa kura, na katika raundi zinazofuata wenye matokeo bora ndio hupewa leni nzuri. Mbio za nyika za dunia nazo hupigia kura vyumba vya kuanzia vya timu. Mbona basi kura hiyo isipigwe mbele ya wanariadha wenyewe huku mashinani? Karatasi nane ndani ya kofia, basi. Badala yake, mara nyingi mwalimu anayepanga leni ndiye anayeanzisha mbio na ndiye anayesikiza malalamiko, na pengine mwanafunzi wake yuko leni ya 4. Simshuku mtu. Ila kijana wa miaka 16 atamlalamikia nani?

Leni ya pembeni si kifo, lakini. Nicholas Bett, Mungu amrehemu, alitwaa dhahabu ya dunia ya mita 400 kuruka viunzi Beijing 2015 akikimbia leni ya 9, mahali ambapo huoni mpinzani hata mmoja mbele yako. Mwaka uliofuata Wayde van Niekerk wa Afrika Kusini akavunja rekodi ya dunia ya 400 kutoka leni ya 8, sekunde 43.03. Kwa hivyo usilalamike kwa kuwa leni huipendi. Lalamika kwa kuwa imepimwa vibaya au haikupigiwa kura.

Na ukidaiwa umechomoka mapema? Tangu 2010 kosa moja tu linakutoa, na hata Letsile Tebogo alitolewa hivyo katika fainali ya mita 100 kule Tokyo, Septemba 2025. Usilale kwenye leni kama Jon Drummond alivyofanya Paris 2003, aliondolewa vilevile. Ukipinga papo hapo kwa heshima, refa ana ruhusa ya kukuacha ukimbie huku lalamiko likisubiri uamuzi, hasa mahali ambapo hakuna mashine ya kupima mwanzo.

Sheria zinamruhusu refa pia kutazama video yoyote iliyopo, si lazima iwe ya runinga. Simu ya shangazi yako inatosha, mradi imenasa miguu na mistari. Shida ni kwamba simu zote za Thika huwa zimejipanga utepeni, na pale mwanzo hakuna hata moja.