Msitupakie Pikapu Halafu Mseme Tumeendesha

Sikizeni. Posti hii huenda ikanikosesha kazi mbili tatu, lakini imenikaa kooni, wacha niiteme.

Jumamosi moja, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nje ya Fort Jesus. Vijana 12 wa shirika moja la mpira, wasichana kwa wavulana, wamevishwa fulana za njano zinazowafika magotini. Kila mmoja kapewa baiskeli ya kuazima. Nyuma yao wafadhili na wageni wao, helmeti zang'aa, baiskeli ambazo ukiuza moja wanunua bodaboda na chenji wabaki nayo. Safari ni Mombasa hadi Malindi, kilomita kama 120, siku mbili. Wachangisha pesa za kuinua vijana kupitia michezo.

Firimbi ikalia. Tukapita Ndia Kuu, wazee wa barazani wakatupungia mikono, tukatokea Marikiti, Digo Road, Abdel Nasser, mpaka Buxton. Kabla ya kupanda daraja la Nyali, pikapu ikasimama kando. Vijana wakaambiwa washuke. Baiskeli zikapakiwa, na wao wakapakiwa. Kilomita tatu hivi, basi, imekwisha! Kesho yake wakashushwa nje kidogo ya Malindi, wakarudishiwa baiskeli, wakaingia mjini wakiwa mbele kabisa, mikono juu, kana kwamba wametoka Mombasa kwa miguu yao.

Nimejuaje? Kamera ilikuwa yangu. Nililipwa kupiga ile video, na ile pikapu niliikata mimi mwenyewe wakati wa kuhariri. Hakuna aliyenishikia bunduki. Dogo mmoja, winga wa kushoto, aliniuliza pale mwisho: "Bro, hii nayo yahesabika?" Nikacheka. Sikumjibu.

Sasa msije hapa na ile ngoma ya "vijana wa siku hizi hamna shukrani". Shukrani ninayo. Njumu zangu za kwanza nilipewa na shirika kama hilo hilo, na bila zile njumu pengine leo ningekuwa maskani natafuna muguka. Sipingi michango. Sipingi wageni. Lakini wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nami nauliza: mwenyeji alipona, au alipigwa picha tu?

Maana nimeuliza na majibu nimeyasikia. La kwanza ni bima, ati vijana hawana bima ya kwenda barabara kuu. Haya, bima ya wageni ilinunuliwa na nani? Mtu aliweza kupanga hoteli, maji, daktari na drone, lakini karatasi 12 za bima zikamshinda?

La pili, hawana mazoezi. Dogo huyo anakimbia dakika 90 kwenye mchanga, jua la saa tisa. Siku za Idd akikodi baiskeli pale Makadara, mwenyewe lazima amkimbize ndio aipate. Mpe miezi miwili na baiskeli inayomtosha, halafu tuone nani atasukuma baiskeli yake kwa mguu pale Mtwapa. Na kama kweli ni mdogo kwa kilomita 120, mpe 30 za haki, mkatangaze ni 30. Kuendesha kidogo hakuna aibu. Aibu ni kumfundisha mtoto wa miaka 15 kuinua mikono kwa ushindi ambao si wake.

Na msiniambie vijana hawawezi kuaminiwa na mambo makubwa. Mathare, Nairobi, MYSA ilianza mwaka 1987. Kule timu za watoto zinazoa taka mtaani na usafi huo unaingia kwenye pointi za ligi, na vijana wenyewe wanachaguana kuwa viongozi. Kutoka humo ikazaliwa Mathare United, mabingwa wa Kenya 2008. Twende Kilifi, mji ambao msafara wetu ulipita ukinywa maji ya madafu: kuna Moving the Goalposts, ambako wasichana ndio makochi, ndio marefa, ndio wanaokaa kwenye kamati. Hakuna aliyewapakia.

Wataka baiskeli zaidi? Kikuyu kuna David Kinjah na kundi lake la Safari Simbaz. Watoto wanafundishwa kuendesha na kutengeneza baiskeli, mnyororo ukikatika wanaunga wenyewe. Mmoja aliyepita mikononi mwake akiwa kijana, mzaliwa wa Nairobi, anaitwa Chris Froome. Alishinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea akabeba jezi ya kijani kwenye mashindano hayo hayo. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yakafanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika. Mchezo huu ni wetu pia. Ni sisi wa Mombasa tu tunaoambiwa tushuke Buxton?

Mimi chuo niliacha, lakini hesabu ndogo nazijua. Kwa hivyo wenye misafara, kabla hamjarudi tena pale Fort Jesus, nina maombi matatu.

Moja, kijana aliye kwenye bango awe kwenye safari. Si mwanzo na mwisho tu, katikati pia, kwenye jua.

Mbili, vijana wawili wakae kwenye kamati, na pesa zikishapatikana wasomewe hesabu: zimeingia ngapi, zimetumika ngapi kwa chakula na hoteli za msafara, zimebaki ngapi kwa timu. Sura yao ndiyo iliyochangisha. Wana haki ya kujua.

Tatu, baiskeli zibaki. Hata sita tu, na spana zake. Zile za siku ile zilirudishwa Jumatatu, na timu ikabaki na fulana.

Na sisi wa kamera hatuna usafi wa kujidai. Nimeamua sikati tena pikapu. Ukiniita kazini na ukawapakia, itaonekana kwenye video. Hutaki, tafuta mwingine, wako wengi na wana bei nafuu.

Dogo, kama wasoma hii: ulichouliza siku ile, jibu ni hapana. Haikuhesabika. Lakini kosa halikuwa lako, na daraja la Nyali lipo palepale. Tafuta baiskeli, nami ntatafuta yangu. Tutaanza na Mtwapa, kwenda na kurudi, na kamera nitaiwacha nyumbani.