Soketi ya Msikiti na Moshi wa Barabarani



Umeme ulikatika msikitini kwetu usiku wa Jumatatu, tukiwa katika rakaa ya pili ya Isha. Kipaza sauti kikanyamaza, feni zikapunguza mwendo hadi zikasimama, na safu za nyuma zikabaki kumsikiliza imamu kwa kukisia. Haukuwa mgao wala hitilafu ya mtaa. Uniti za LUKU zilikuwa zimekwisha, ilhali mhazini wetu alizinunua siku nne tu kabla ya hapo, na kwa hesabu yake zilipaswa kutufikisha Ijumaa. Baada ya sunna alishika tochi ya simu akalizunguka jengo zima kutafuta kilichozimaliza. Alikipata kwenye baraza ya nyuma, kando ya makabati ya viatu: pikipiki mbili za umeme, moja imechomekwa katika soketi ya jokofu la maji ya kunywa, nyingine ikingoja zamu yake. Mmoja wa wenye pikipiki hizo alikuwa ameswali safu ya pili.

Hakukana. Alisema yeye na mwenzake wamekuwa wakichaji hapo tangu wiki iliyopita, kila siku baada ya Alasiri, na kwamba hawakudhani kuna tatizo kwa sababu watu huchaji simu zao msikitini mchana kutwa na hakuna aliyewahi kuwauliza. Mhazini alimjibu kwamba simu haizimi feni za msikiti. Maneno yakawa mengi, na wazee wakaamua yaishie pale hadi kikao cha kamati.

Sisi tuliokabidhiwa kuandika ajenda za kamati tuliiweka hiyo kuwa ajenda ya pili. Ajenda ya kwanza ilikuwa barua ya mama mmoja, ambaye mwanawe wa miaka saba amesimama kuja madrasa tangu mwezi uliopita. Mtoto ana pumu. Mama aliandika kwa adabu kubwa kwamba kila akirudi kutoka chuoni kifua humbana usiku, na siku za mapumziko hupata nafuu. Aliuliza kama darasa linaweza kuhamishwa kutoka chumba cha upande wa barabara. Tuliyaandika mambo hayo mawili mbalimbali. Kabla kikao hakijafungwa, yakawa yanazungumzwa kwa pamoja.

Anayekijua chumba chetu cha madrasa hahitaji kuelezwa. Watoto huketi juu ya mikeka, na kizingiti cha dirisha ni kifupi, kwa hiyo vichwa vyao viko takriban usawa wa bomba la moshi la gari lililosimama nje. Mtu mzima apitaye barabarani pua yake iko juu zaidi. Isitoshe, mtoto hupumua kwa haraka kuliko mtu mzima, na ukilinganisha na uzito wa mwili wake huvuta hewa nyingi zaidi, nayo mapafu yake bado yanakua. Kilichomo katika hewa ile si ule moshi mweusi tu tuuonao. Chembe zinazohofiwa zaidi na waganga ni zile ambazo upana wake hauzidi maikromita 2.5, ndogo mno hata unywele mmoja wa kichwa huzizidi upana mara nyingi. Pua haizizuii. Hushuka hadi ndani kabisa ya mapafu, na baadhi huingia katika damu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango kinachopendekezwa cha chembe hizo kutoka mikrogramu 10 hadi 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa mwaka. Shirika hilo hilo hukadiria kwamba hewa chafu ya nje na ya majumbani kwa pamoja huhusika na vifo vya takriban watu milioni 7 duniani kila mwaka.

Idadi hizo ni kubwa mno kwa mzazi kuzikamata moyoni, kwa hiyo kikaoni tulieleza habari ya mtoto mmoja. Ella Adoo-Kissi-Debrah aliishi na mama yake kusini mashariki mwa London, karibu na barabara yenye magari mengi iitwayo South Circular. Alikuwa na pumu kali. Alilazwa hospitali mara kwa mara, na mwezi Februari 2013 alifariki akiwa na umri wa miaka 9. Mama yake hakuridhika na cheti cha kwanza. Alihangaika kwa miaka, uchunguzi ukafunguliwa upya, na mwezi Desemba 2020 afisa wa serikali achunguzaye vifo akatamka kwamba hewa chafu ilichangia kifo cha mtoto yule. Lilikuwa jambo la kwanza la namna hiyo nchini Uingereza. Mzee mmoja wa kamati, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, aliuliza: kama London yenye sheria na vipimo mtoto alifikwa na hayo, sisi wenye malori na daladala chakavu tunajihesabu wapi?

Hapo mjumbe mwingine akapendekeza kijiwe cha bodaboda na bajaji kiondolewe mbele ya msikiti. Ni rai nyepesi kuitoa, nasi tunakiri kwamba ilitupendeza kwa muda. Wanafunzi wa fikihi wanajua kwamba mas'ala ya moshi si mageni. Katika al-Mudawwana, kitabu kikubwa cha madhehebu ya Maliki, limejadiliwa suala la mtu anayejenga tanuri au hamamu katika kiwanja chake na moshi ukawaudhi majirani, na jibu ni kwamba wana haki ya kumzuia. Karne nyingi baadaye, Majalla, yaani mkusanyiko wa sheria uliotolewa na dola ya Uthmania kati ya mwaka 1869 na 1876, uliweka katika kifungu cha 1200 kwamba madhara yaliyopindukia huondolewa, na miongoni mwa mifano yake ni moshi unaomfanya jirani ashindwe kukaa nyumbani kwake.

Lakini tanuri lina mwenyewe. Unamjua, unamwita, anasimama mbele ya kadhi. Moshi wa barabara una wenyewe elfu moja, kila mmoja na sehemu yake ndogo, na kila mmoja akiulizwa atamwonyesha mwenzake kidole. Wale wa kijiweni ndio walio karibu na mkono wetu, nao ni maskini, ndiyo maana wazo la kwanza likawaangukia wao.

Tukaomba kikao kiahirishwe kwa wiki moja. Katika wiki hiyo tulikaa dirishani siku tatu mfululizo, tangu Alasiri hadi watoto waachiwe, tukiandika ni nani anayesimama pale na injini ikinguruma. Tulichokiona hatukukitarajia. Vijana wa bodaboda aghalabu huzima injini mara tu wanapoegesha, kwa sababu petroli ni fedha yao wenyewe. Bajaji kadhalika. Walioacha injini zikiwaka, wengine kwa zaidi ya nusu saa, walikuwa wazazi wenye magari yao, waliokuja kuwachukua watoto, vioo vimefungwa na kiyoyozi kinafanya kazi. Mabomba yao yalielekea dirishani. Miongoni mwao alikuwamo mjumbe wa kamati, na gari la jamaa yetu tunayeishi naye nyumba moja. Tuliisoma orodha hiyo kikaoni bila kutaja majina, na haikupokewa kwa furaha.

Sasa turudi kwenye zile pikipiki mbili, kwa maana hazina bomba la moshi kabisa. Ikisimama imesimama, haichomi chochote. Kijana yule alitueleza kwamba betri yake hujazwa kwa uniti tatu hivi, na humtembeza kilomita 60 au zaidi kidogo. Kwa bei tunayokatwa sisi, uniti moja ni kama shilingi 350, kwa hiyo betri nzima ni kiasi cha shilingi elfu moja. Pikipiki ya petroli kwa masafa hayo hunywa lita moja na nusu hivi, na lita moja katika miaka hii imekuwa ikipanda na kushuka karibu na shilingi 3,000. Kijana hakununua pikipiki ile kwa ajili ya mapafu ya watoto wetu. Aliinunua kwa mkopo, kwa ajili ya tofauti hiyo ya bei, na nafuu ya hewa ikaja nyuma yake. Hatuoni ubaya wowote katika hilo.

Kuna waliouliza: je, umeme wenyewe hautokani na moshi mahali pengine? Swali ni la haki. Umeme wa nchi yetu sasa sehemu kubwa ni wa maji, hasa baada ya bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lililojengwa kuzalisha megawati 2,115, na sehemu nyingine ni wa gesi asilia. Gesi nayo huchafua, lakini haina masizi kama dizeli, wala haiunguzwi chini ya dirisha la madrasa. Ni kweli pia kwamba chombo cha umeme hakifuti vumbi la matairi na breki. Na wala mjini kwetu moshi si wa magari peke yake. Taka huchomwa viwanjani, mkaa unawaka katika kila ua, na kuni tunazopikia futari ya pamoja kila Ramadhani huingiza moshi katika vifua vya akina mama kabla haujafika kwa jirani. Hilo la jiko linastahili makala yake.

Jambo linalotutia hofu zaidi ni betri. Zile za kisasa za lithiamu zina mashaka yake, kwani baadhi ya zile za magari hutumia kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, upande wa Kolwezi, ambako ndugu zetu wasemao Kiswahili kama sisi huingia mashimoni kwa mikono mitupu. Ziko aina zisizotumia kobalti, na pikipiki nyingi huwekewa hizo. Lakini ziko pia bajaji za umeme za bei nafuu zinazotumia betri za risasi, kama za magari ya kawaida, na hizo hufa mapema. Zikifa zinakwenda wapi? Mombasa wanalo jibu chungu. Katika mtaa wa Owino Uhuru kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu kutafuta risasi, risasi ikaingia katika udongo, maji na damu za watoto. Wakazi walikwenda mahakamani, na mwaka 2020 wakahukumiwa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Walioipigania hukumu hiyo wanajua kwamba fedha haimrudishii mtoto akili iliyoharibiwa na risasi. Kwa hiyo anayenunua chombo cha umeme na aulize kwanza ni betri ya aina gani, na muuzaji anaipokea ikichakaa au la. Muuzaji asiye na jibu tumwache na bidhaa yake.

Nchi nyingine zimekwisha chukua hatua kwa amri. Mji wa Shenzhen, China, hadi mwisho wa mwaka 2017 ulikuwa umeyageuza mabasi yake yote, zaidi ya 16,000, kuwa ya umeme. Rwanda imeamua kwamba tangu Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa Kigali ziwe za umeme. Ethiopia mwaka 2024 ilizuia kuingiza magari madogo ya petroli na dizeli. Tusidhani kwamba haya ni ya wengine. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 petroli yetu wenyewe ilikuwa na risasi, na kufikia mwanzo wa mwaka 2006 nchi zote za Afrika kusini ya Sahara zilikuwa zimeiondoa. Wengi wetu hatukutambua hata siku ilipoondoka.

Rai yetu katika kikao cha pili ilikuwa kwamba gari la umeme la mzazi mwenye uwezo si jambo la kulishughulikia kwanza. Gari la nyumbani hulala sehemu kubwa ya siku. Bodaboda na bajaji hutembea tangu Alfajiri hadi usiku wa manane, na kila moja inayoacha petroli huondoa moshi mwingi kuliko gari la mtu binafsi. Kama msikiti utasaidia, basi usaidie hapo.

Likabaki suala la wakfu. Mhazini alishikilia, na haki ilikuwa yake, kwamba umeme ulionunuliwa kwa sadaka za waumini kwa ajili ya swala na elimu hauwezi kugeuzwa kuwa mafuta ya biashara ya mtu, hata akiwa mwema. Wala hisani ya kamati haitoshi kuuhalalisha, kwa maana kamati haimiliki kitu. Sheikh tuliyemuuliza alitupa njia: mali ya wakfu inaweza kukodishwa kwa malipo ya haki yanayorudi kwenye wakfu. Tukafunga mita ndogo ya pembeni kwenye ukuta wa nje, soketi nne, mbali na dirisha la madrasa. Anayechaji hulipa uniti zake na nyongeza kidogo, na nyongeza hiyo huingia katika daftari la madrasa. Wale vijana wawili walilipa pia uniti walizotumia mwanzo, bila kushurutishwa.

Hadi tunaandika haya, wanaochaji ni watano. Darasa la watoto wadogo limehamia chumba cha upande wa kibla, ambacho ni kidogo na kina joto. Mtoto wa yule mama alirudi Jumamosi. Mama yake alikaa nje kwenye benchi muda wote wa somo, dawa ya kuvuta ikiwa mkobani, akimsikiliza akisoma pamoja na wenzake.

Wazazi wanaokuja na magari wanaombwa kuegesha ng'ambo ya barabara na kuzima injini. Kibao kimebandikwa getini. Chumba kipya kinahitaji feni mbili, na mhazini yupo ofisini kila siku baada ya Alasiri.