Pesa ya Kuachishwa Kazi Ni Miezi, Si Mtaji

Kibarua chako kikiota nyasi, ushauri wa kwanza utakaoupata mtaani ni huu: "Si wamekulipa? Fungua biashara." Utausikia kwa shemeji, kwa jirani, hata kwa konda wa matatu. Mimi niliufuata. Leo naandika kuupinga.

Nilikuwa karani katika yadi ya makontena Mombasa. Kufikia 2019, shehena ya bara ilikuwa inaelekezwa kwenye reli ya SGR hadi bandari kavu ya Nairobi, na yadi nyingi za huku Pwani zikapungukiwa na kazi. Yetu ilikuwa mojawapo. Tukaitwa mmoja mmoja ofisini, kila mtu akatoka na bahasha.

Mshahara wangu ulikuwa shilingi 28,000 na nilikuwa nimemaliza miaka 4. Ujumbe wa benki ulipoingia kwenye simu ulisoma 96,000. Sikuwahi kupokea pesa nyingi hivyo kwa siku moja. Nilijiona nina mtaji, na hapo ndipo nilipokosea.

Biashara iliyokula float yake

Nikaingia uwakala wa pesa za simu. Kukodi kibanda pamoja na deposit, 18,000. Kaunta na rangi, 14,000. Float, 50,000. Jumla 82,000. Zilizobaki nyumbani zilikuwa 14,000, na nyumba yetu ilikuwa inatumia kama 22,000 kwa mwezi. Hesabu hiyo sikuipiga. Ningeipiga ningejua kwamba nimefungua biashara huku nimebakiwa na chakula cha siku 19 hivi.

Wakala anajua: float ndiyo uhai wa duka. Sehemu iko kwenye simu, sehemu iko mkononi, na zote mbili lazima ziwepo. Lakini kamisheni yangu ilikuja mwisho wa mwezi, na unga hausubiri mwisho wa mwezi. Leo nachomoa 300 ya unga, kesho 500 ya tokeni za stima, keshokutwa mtoto anarudishwa nyumbani kwa karo. Siku moja akaja mteja kutoa 10,000, nikamwambia, "Mama, sina keshi, jaribu pale mbele." Akaenda pale mbele. Hakurudi tena, na wenzake wakamfuata. Mwezi wa tano nikafunga.

Biashara yenyewe haikuwa mbaya. Kibanda cha pili kutoka kwangu kipo mpaka leo. Ila mwenzangu alianza akiwa na mke anayepokea mshahara, kwa hivyo float yake haikuguswa. Mimi niliiomba biashara changa inilishe kabla haijajifunza kutembea.

Gawanya kabla ya kutumia

Ndiyo maana nasema pesa ya kuachishwa kazi ihesabiwe kwa miezi. Chukua ulicholipwa, gawanya kwa matumizi ya nyumba ya mwezi mmoja. Zangu 96,000 kwa 22,000 zilikuwa miezi minne na siku kadhaa za kutafuta kazi bila kukopa. Hiyo ndiyo mali niliyokuwa nayo: muda. Niliuza miezi minne nikanunua kaunta.

Kabla ya kugawanya, hakikisha umelipwa kamili. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inasema anayeachishwa kwa sababu kazi imepungua alipwe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliomaliza. Alipwe siku za likizo ambazo hakwenda, na apewe notisi ya mwezi mmoja au mshahara wa mwezi huo. Mwenye mshahara wa 30,000 na miaka 6 kazini, basi, ni kama 90,000 za miaka hiyo, na 30,000 za notisi kama hakupewa, kisha likizo, kabla ya makato. Usisahau cheti cha utumishi, ni haki yako. Ukiona hesabu haziingiani, nenda ofisi ya leba ya kaunti yako ungali na karatasi zote.

Kitu kingine kinachosahaulika ni bima ya afya. Mwajiri alikuwa akikata asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya SHA. Siku ya kuachishwa, makato yanakoma, na hakuna atakayekulipia. Weka hiyo kwenye hesabu ya mwezi.

Aibu nayo inagharimu

Nitasema la kuniumbua. Wiki mbili za kwanza sikumwambia mama watoto. Nilivaa shati la kazi kila asubuhi, nikapanda matatu, nikaenda kukaa bustani ya Uhuru karibu na Pembe mpaka jioni. Nauli ya kwenda na kurudi, chai, soda, yote yalitoka kwenye zile 96,000. Na biashara nayo, nikisema ukweli, niliifungua haraka ili watu wasiulize. Nilitaka kuonekana niko na shughuli.

Kumbe kazi niliyo nayo leo ilikuja siku nilipofungua mdomo. Baada ya kufunga kibanda nilimwambia mzee mmoja jirani yetu kwamba sina kazi kabisa. Akaniuliza, "Kule bandarini ulikuwa unafanya nini hasa?" Nikamjibu, karani. Akasema, "Cheo nimesikia. Nauliza mikono yako ilikuwa inafanya nini."

Swali hilo nimelibeba mpaka leo. Nikamweleza: nahesabu mizigo inayoingia na kutoka, nalinganisha na karatasi, mzigo ukipotea naufuatilia mpaka upatikane, na nabishana na madereva bila kugombana. Mzee akacheka. Mpwa wake alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Kisauni na mifuko ya saruji ilikuwa inayeyuka asijue inakwenda wapi.

Nikaanza jioni mbili kwa wiki, 500 kwa kila jioni, natumiwa kwa simu. Mtu aliyezoea 28,000 anaweza kuidharau 500. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwezi wa pili saruji ikaacha kuyeyuka, mwenye duka akaniambia niwe nakuja kila siku, na jirani yake akataka nimsaidie pia. Leo natunza stoo na vitabu vya maduka matatu. Sijatajirika, lakini karo inalipwa.

Kubadilisha kazi, kwa maoni yangu, mara nyingi kunaanza hivyo. Hujifunzi kila kitu upya. Unachukua yale mikono inayoyajua na kuyapeleka mahali pengine. Na kama mikono inajua ufundi lakini huna karatasi, NITA ina mitihani ya ufundi ya gredi, ambayo hata fundi aliyejifunzia jua kali anaweza kuifanya akapata cheti.

"Ukingoja, utazila zote"

Najua kuna watakaonijibu hivyo, na wana hoja. Pesa iliyolala kwenye simu huliwa. Lakini sijasema ukae. Nasema jaribu kwa elfu tano kabla ya laki. Unataka kuuza mitumba? Chukua vipande vichache, uza wiki mbili, uone. Unataka kupika? Pikia ofisi moja kwanza. Biashara ikikataa na elfu tano, itakataa na elfu tisini pia. Na kama ulikuwa unaifanya pembeni tangu zamani na unaijua, wewe si ninayemwambia, endelea.

Wala usingoje kazi ile ile irudi. Mwaka 2022 amri ya shehena ilibadilishwa na Mombasa ikapumua tena. Nilifurahi kwa ajili ya wenzangu. Lakini ilikuwa imepita miaka mitatu, na hakuna 96,000 inayolisha nyumba miaka mitatu.

Wanaojua una pesa

Habari za kuachishwa zikienea, utapata simu za ajabu. "Umechaguliwa kazi, tuma 1,500 ya medikali." "Nafasi ya Qatar imebaki moja, lipa usajili leo." Mwajiri wa kweli hakuombi pesa kwa simu ili akuite kwenye mahojiano. Kwa kazi za ng'ambo, hakikisha kwanza kwamba wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Namba ya siri usimpe yeyote, hata akijiita ofisa wetu. Pesa ikishatumwa na mwizi akaitoa, kuirudisha ni kazi ngumu.

Mikopo ya simu nayo itakuita, hasa mwezi wa pili. Kumbuka mkopo hulipwa na mshahara, na mshahara umekoma. Kama tayari unadaiwa, piga simu kwa anayekudai kabla ya siku ya kulipa, si baada. Ukilazimika kukopa, tazama kwanza kama yuko kwenye orodha ya wakopeshaji wa kidijitali waliopewa leseni na Benki Kuu.

Fanya hivi leo

Hata kama bado una kazi, omba taarifa ya miamala yako ya miezi mitatu iliyopita kwenye simu. Jumlisha zilizotoka, gawanya kwa tatu. Hiyo ndiyo bei halisi ya mwezi wako, na nina hakika si ile uliyokuwa ukidhani. Iandike mahali. Siku bahasha ikija, ombi langu ni hilo tu: gawanya kwanza, mwambie mtu wa nyumbani jioni hiyo hiyo, halafu keshoye anza kuwaeleza watu mikono yako inajua nini.