Uchovu wa mhudumu wa Mwanda utapimwa kwa lugha ipi?

TANGU huduma za afya zikabidhiwe serikali za kaunti mwaka wa 2013, sekta hiyo imetikiswa na migomo chungu nzima. Madaktari walisusia kazi kwa siku 100 kati ya Desemba 2016 na Machi 2017, nao wauguzi wakafuata mwaka huo huo kwa takriban miezi mitano. Mwaka wa 2024, madaktari waligoma tena kwa siku 56.

Mazungumzo yalitawaliwa na mishahara na mikataba. Msongo wa mawazo kazini haukupewa uzito kama huo, kwani kisichopimwa ni vigumu kukitetea mezani.

Katika kata ya Mwanda, juu kwenye milima ya Taita, mgonjwa mahututi hulazimika kuteremshwa hadi Wesu au hospitali ya rufaa ya Moi mjini Voi. Shinikizo linalomkabili mhudumu wa huko silo linalomkabili karani wa Nairobi. Je, ni hojaji ipi inayoweza kulipima?

Nadharia zinazotegemewa zaidi zilitoka ughaibuni. Mnamo 1979, Robert Karasek wa Marekani alieleza kuwa kazi huumiza zaidi inapodai mengi huku mfanyakazi akinyimwa uwezo wa kuamua. Mnamo 1996, Johannes Siegrist wa Ujerumani alitilia mkazo jasho lisilolingana na malipo wala heshima.

Kutafsiri tu maswali yao hakutoshi. Ukimuuliza mtu iwapo ana mawazo, mmoja atafikiria kazi, mwingine karo ya watoto. Nchini Zimbabwe, katika miaka ya 1990, Vikram Patel na wenzake waliunda hojaji ya Kishona kutokana na kauli za wagonjwa wenyewe, likiwemo neno kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Mwanda, ambako Kidawida ndicho lugha ya nyumbani, kazi ianze vivyo hivyo: kusikiliza kwanza, kuandika baadaye.

Baada ya hapo maswali hujaribiwa. Kipimo cha Lee Cronbach cha 1951 huonyesha iwapo majibu yanaafikiana, na aghalabu alama ya 0.7 huhesabiwa kuwa ya kuridhisha. Hata hivyo, maswali yanaweza kuafikiana yote na bado yakapima kitu kingine. Yanayohusu usingizi pekee huenda yakanasa malaria badala ya msongo. Ndiyo maana majibu hulinganishwa na rekodi za kukosa kazi au kujiuzulu.

Isitoshe, zahanati yenye wauguzi wawili haina siri. Hata jina likifutwa, umri na kituo vitamfichua mhojiwa, naye akihofia mkubwa wake ataandika kuwa mambo ni shwari. Yafaa basi majibu ya Mwanda yachanganywe na ya Voi, Mwatate na Taveta, na yakusanywe na mtu asiye mwajiri.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri kulinda afya na maslahi ya wafanyakazi wake. Mnamo 2019, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitambua uchovu huu kuwa zao la msongo wa kazini usiodhibitiwa. Kwa hivyo, matokeo yakionyesha mzigo umezidi, dawa ni kuongeza wahudumu na kurekebisha zamu wala si kuwahubiria subira.

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kilio humfichua. Hojaji mbovu humlazimisha mhudumu kuyaficha, na kilio kikija, kitasikika kwanza kwa wagonjwa.